Tokeni Ndogo za Dhahabu: Jinsi ya Kujua Dhahabu Iliyomo na Thamani Yake kwa Wakusanyaji

Kipande cha njano kisichozidi upana wa kifungo cha shati, chenye kichwa upande mmoja na shada la majani upande wa pili, kinaweza kuwa kimoja kati ya vitu vitatu. Huenda ni dhahabu ya karne ya 19 ambayo wakusanyaji wanaigombania. Huenda ni kumbukumbu iliyotengenezwa baadaye kwa dhahabu ya karati ndogo. Huenda pia ni shaba iliyochovywa, isiyouzika popote. Kwa macho ya haraka vyote vitatu vinafanana.

Mali nyingi huharibika kwa kosa moja: kuanza na tupa au asidi. Mtu anakwaruza ukingo ili ajue kama ni dhahabu, anapata jibu lake, kisha anagundua kwamba kipande kilikuwa na bei mara nyingi zaidi ya dhahabu iliyomo, na sasa kina jeraha lisilofutika. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zina mpangilio wa makusudi. Kwanza utambue ulichoshika, kisha upime bila kuumiza chuma. Asidi ni ya mwisho, na ni kwa vipande ambavyo umeshaamua kuwa ni vya kuyeyushwa tu.

Vifaa

Utahitaji mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.001, kalipa (kifaa cha kupima upana na unene), lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, sumaku yenye nguvu ya neodimi, uzi mwembamba wa nailoni, kikombe chepesi cha plastiki (kifuniko kirefu cha chupa kinatosha), maji yaliyochemshwa yakapoa, na tone la sabuni ya maji.

Mizani ndiyo inayoamua kama kazi yako itakuwa na maana. Mizani ya kawaida ya vito, inayosoma gramu 0.01, inafaa kwa pete na mikufu lakini haifai hapa, na hesabu ya sababu yake utaiona kwenye kipimo cha maji. Mizani ya gramu 0.001 kwa kawaida hubeba gramu 20 au 50 tu, kwa hiyo kikombe na maji yake lazima viwe chini ya hapo. Irekebishe kwa jiwe lake la kupimia kabla ya kila kazi, iweke juu ya meza isiyotikisika, na uifunike isipigwe na upepo. Hata pumzi yako husogeza tarakimu ya mwisho.

Hatua ya 1: Soma kilichoandikwa

Shika kipande kwa ukingo, kamwe si kwa uso wake, chini ya taa moja inayotoka pembeni. Andika kila herufi na tarakimu unayoiona, hata kama huielewi.

Kundi linalowachanganya watu kuliko yote ni lile la California. Dhahabu ilipogunduliwa huko mwaka 1848, chenji ilikuwa adimu, na masonara wa San Francisco wakaanza kugonga vipande vya robo dola, nusu dola na dola moja, vya mviringo na vya pembe nane. Vya mwanzo ni vya miaka ya 1852 hadi 1856, na kundi la pili linaanzia 1859 hadi 1882, ingawa sheria ya Marekani ya mwaka 1864 ilishapiga marufuku watu binafsi kutengeneza sarafu. Baada ya hapo zikaja kumbukumbu za watalii, nyingine zikiwa na tarehe za zamani ambazo haziendani na umri wake.

Angalia mambo mawili. La kwanza ni thamani iliyoandikwa. Vipande vya kweli husema ni vya kiasi gani na kwa fedha gani: DOLLAR, DOL., CENTS, au kifupi chake. Ukiona "1/2" au "1/4" peke yake bila neno la fedha, una kumbukumbu. La pili ni dubu. Dubu anayesimama peke yake upande wa nyuma, mara nyingi chini ya neno EUREKA, ni alama ya kumbukumbu za baadaye, na nyingi ya hizo ni shaba iliyochovywa. Kanuni hizi mbili huondoa sehemu kubwa ya vipande vinavyodhaniwa kuwa hazina kabla hujagusa mizani.

Lakini usitupe kumbukumbu kwa sababu tu ni kumbukumbu. Zile za Alaska za mwanzoni mwa karne ya 20, zilizoandikwa 1/4, 1/2 au 1 PINCH, zilitengenezwa kwa dhahabu, na zina wakusanyaji wake maalumu. Zina nakala za shaba pia, hivyo kila moja lazima ipimwe.

Kundi jingine linalopatikana kwa wingi ni vipande vidogo vyenye sura ya Maximilian na mwaka 1865. Maximilian alikuwa mfalme mkuu wa Meksiko kuanzia 1864 hadi 1867, lakini serikali yake haikutoa sarafu ndogo ya namna hiyo. Sarafu yake ya dhahabu ilikuwa ya peso 20 ya mwaka 1866. Hivyo vidogo ni mapambo ya baadaye. Vingine vina dhahabu nzuri, vingine ya karati ndogo sana, vingine havina kabisa. Bei yake huwa ni ya dhahabu iliyomo, na mara chache sana huzidi hapo.

Tafuta pia mihuri midogo kwenye ukingo au karibu na tundu. Namba 333, 375, 417, 585, 750, 916 na 999 ni sehemu za dhahabu kwa kila elfu, yaani karati 8, 9, 10, 14, 18, 22 na 24. Herufi ndizo za kuogopa. GF maana yake ni tabaka la dhahabu lililobanwa juu ya chuma kingine, RGP ni tabaka jembamba zaidi, na GEP au HGE ni dhahabu ya kuchovya kwa umeme. Maandishi "1/20 12K GF" yanasema kwamba sehemu 1 kati ya 20 ya uzito ni dhahabu ya karati 12, ambayo nayo ni nusu tu dhahabu. Zidisha upate asilimia 2.5. Kipande cha gramu 1 kina gramu 0.025 ya dhahabu.

Neno COPY likiwa limegongwa juu ya kipande, maswali ya ukusanyaji yameisha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inataka nakala za sarafu ziwekewe neno hilo. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi chochote, kwani nakala nyingi ni za kabla ya mwaka huo au zimetengenezwa na watu wasiojali sheria.

Hatua ya 2: Lenzi

Anza na sehemu zinazosuguliwa zaidi: nywele za kichwa, shavu, kingo. Kipande kilichochovywa hufunua siri yake hapo. Utaona wekundu wa shaba, weupe wa fedha au ukijivu chini ya njano. Dhahabu ya mchanganyiko hubaki na rangi ile ile hata ilipochakaa. Madoa madogo mekundu juu ya dhahabu ya kale si kasoro, kwani hutokana na shaba ambayo haikuchanganyika vizuri. Rangi ya njano iliyopauka au yenye kijani kidogo huonyesha fedha ndani ya dhahabu, jambo la kawaida kwa dhahabu ya California.

Kisha tazama namna kilivyotengenezwa. Kilichogongwa kwa muhuri kina herufi zenye kingo kali na uso tambarare unaometa kwa mistari inayotoka katikati. Kilichomiminwa kwenye kalibu kina vitobo vidogo kama vya mkate, herufi zilizolegea, na pengine mstari wa mshono kuzunguka ukingo. Mshono huo ni habari mbaya.

Mwisho, zungusha ukingo wote polepole ukitafuta alama ya kulehemu, hasa juu ya kichwa. Vipande vingi vidogo viliwahi kuwa hereni, vishikizo au vidani. Pale kitanzi kilipotolewa hubaki uvimbe, doa la rangi tofauti, au sehemu iliyosuguliwa kuficha jeraha. Alama hiyo hupunguza sana bei ya mkusanyaji, na pia hupotosha kipimo cha msongamano, yaani uzito kwa ujazo, kwa sababu lehemu si dhahabu ile ile.

Hatua ya 3: Sumaku, uzito na vipimo

Sumaku huchukua sekunde moja. Kipande kikivutwa, ndani kuna chuma au nikeli. Kisipovutwa, hujajua mengi: shaba, risasi, fedha na tungsteni nazo hazivutwi.

Pima uzito mara tatu, ukiondoa kipande na kuisubiri mizani irudi kwenye sifuri kila mara. Pima upana kwa kalipa mara mbili kwa kuvuka, na unene sehemu mbili, bila kubana sana kwani dhahabu hukwaruzika kirahisi.

Ikiwa ni sarafu rasmi, namba hizi zina pa kulinganishwa. Dola ya dhahabu ya Marekani, iliyotolewa 1849 hadi 1889, ina uzito wa gramu 1.672 na dhahabu ya sehemu 900 kwa elfu. Aina ya kwanza ina upana wa karibu milimita 13, na za baadaye karibu 14.3. Peso 2 za Meksiko ni gramu 1.6667, upana milimita 13, na dhahabu ya 900. Nyingi za zenye mwaka 1945 ziligongwa upya baadaye, hivyo mwaka huo hauongezi bei. Tofauti ya gramu 0.05 kwenye sarafu ndogo hivi ambayo haijachakaa ni sababu ya kusimama.

Kwa tokeni za watu binafsi hakuna uzito rasmi wa kuutegemea. Kwa bei ya zamani ya Marekani, dola 20.67 kwa wakia, robo dola ingepaswa kubeba gramu 0.376 za dhahabu safi. Masonara hawakuweka kiasi hicho, na walizidi kukipunguza kadiri miaka ilivyokwenda. Kwa hiyo wepesi wa kipande cha California si ushahidi wa ubandia.

Kalipa inaweza kukupa kikomo cha chini cha msongamano. Chukua mfano wa kipande cha upana wa milimita 10 na unene wa 0.4: ujazo wake hauzidi sentimita za ujazo 0.0314. Kalipa hugusa sehemu zilizoinuka tu, kwa hiyo ujazo halisi ni mdogo kuliko huo na msongamano halisi ni mkubwa kuliko hesabu yako. Ukipata 12 kwa njia hii, umeshaiondoa shaba. Ukipata 8, bado hujaamua lolote, endelea na maji.

Hatua ya 4: Kipimo cha maji

Hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote kwa mtu wa nyumbani. Hakiumizi kitu, na kinapima kipande chote, si ngozi yake tu.

1. Pima kipande kikiwa kikavu. Andika uzito.
2. Jaza kikombe maji ya joto la chumba, tia tone dogo la sabuni, ukoroge taratibu bila povu. Sabuni hulegeza ngozi ya maji ili vipovu visishike.
3. Weka kikombe juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri.
4. Funga kipande kwa uzi wa nailoni kwa fundo moja, ukining'inize kutoka kwenye kijiti kilichoegemezwa nje ya mizani. Usitumie mkono.
5. Kizamishe chote bila kugusa chini wala ubavu. Kikigusa, mizani itapima kipande badala ya maji, na jibu halitafaa.
6. Tazama kwa lenzi kama kuna vipovu. Vipo? Kitoe, kilowanishe kwa brashi laini, rudia.
7. Soma mizani haraka. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa.
8. Kitoe uone kama mizani inarudi karibu na sifuri. Maji yanayokauka na matone yanayotoka na uzi huleta tofauti. Ikizidi gramu 0.002, rudia.

Gawanya uzito mkavu kwa uzito wa maji. Kwa mfano, kipande cha gramu 0.520 kilichosukuma gramu 0.039 kina msongamano wa 13.3, na hapo tuko kwenye karati 14. Mizani ikikosea kwa gramu 0.001, jibu litakuwa kati ya 13.0 na 13.7, bado karati 14. Sasa chukua mizani ya gramu 0.01: ingeonyesha 0.04, ambayo inaweza kuwa chochote kati ya 0.035 na 0.045, yaani msongamano wa 11.6 hadi 14.9. Karati 10, 14, au karibu na 18? Haisemi. Kama una vipande kadhaa vinavyofanana kabisa, vipime kwa pamoja ili kosa ligawanyike, lakini kumbuka kwamba kimoja cha bandia kitajificha ndani ya kundi.

Soma jibu hivi. Dhahabu safi ni 19.3, karati 22 ni kama 17.5 hadi 18, ile ya 900 iliyochanganywa na shaba ni karibu 17.2, karati 18 ni 15 hadi 16, karati 14 ni 13 hadi 13.7, na karati 10 ni karibu 11.5. Shaba nyekundu ni 8.96, shaba ya njano ni 8.4 hadi 8.7, fedha safi ni 10.5, risasi ni 11.3.

Mitego ni miwili. Risasi iliyochovywa huangukia karibu kabisa na karati 9 na 10, ingawa ulaini wake na herufi zilizovimba huisaliti kwenye lenzi. Tungsteni ina 19.25, karibu sawa na dhahabu safi, lakini ni ngumu sana kugongwa kwa muhuri, na kwa vipande vidogo hivi haina faida kwa mghushi. Wasiwasi wa tungsteni uweke kwa vipande vikubwa.

Hatua ya 5: Mashine na asidi

Mashine ya miale ya eksirei kwa sonara haikwaruzi kitu, na husoma asilimia za kila metali. Ila husoma ngozi tu, mikroni chache za juu. Tabaka nene la kuchovya linaweza kusomeka kama karati 14 au 18, ilhali ndani ni fedha. Omba isome sehemu iliyochakaa na ukingo, si uso unaong'aa, kisha ulinganishe na msongamano. Majibu mawili yakipingana, amini maji.

Asidi ni kwa vya kuyeyushwa tu. Sugua kipande juu ya jiwe jeusi la kupimia hadi uache mstari wa sentimita 2, kisha dondosha asidi ya karati 10, 14 na kuendelea. Mstari ukibaki, dhahabu imefika karati hiyo au kuizidi. Ukififia au kutoweka, iko chini. Ukichemka kijani, ni shaba. Ukigeuka weupe wa maziwa, ni fedha. Kipande kilichochovywa huacha mstari wa ngozi yake, hivyo sonara hulazimika kukata mfereji mdogo kwanza. Hizi ni asidi zinazounguza: vaa glavu na miwani, kaa penye hewa, na uwe na soda ya kuokea ya kuizima asidi.

Hatua ya 6: Bei ya dhahabu

Zidisha uzito kwa sehemu ya dhahabu. Kile cha gramu 0.520 cha karati 14 kina gramu 0.520 × 0.585, sawa na 0.304. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1035, kwa hiyo una karibu sehemu 1 kwa 100 ya wakia. Gawanya bei ya dunia ya siku hiyo kwa 31.1035, zidisha kwa 0.304, na hiyo ndiyo thamani ya dhahabu iliyomo. Mnunuzi wa kuyeyusha atatoa chini yake kwa sababu ya gharama za kusafisha, na kwa kipande kimoja kidogo pengo hilo huwa kubwa zaidi. Ni bora ukusanye kadhaa uuze kwa pamoja.

Hatua ya 7: Bei ya mkusanyaji

Kipimo cha chuma hakithibitishi umri. Mghushi anaweza kutumia dhahabu ya kiwango sahihi kabisa kutengeneza kipande "cha 1853", na kwa kuwa bei ya mkusanyaji huizidi mno bei ya dhahabu, gharama hiyo hulipa. Kinachothibitisha ni muhuri uliotumika kukigonga. Kila jozi ya mihuri iliacha alama zake: nyufa, majani ya shada yaliyopangwa kwa namna fulani, idadi ya nyota, nafasi ya tarehe. Kwa California, aina hizi zimeorodheshwa kwa namba za BG, herufi zinazotokana na majina ya Breen na Gillio, waandishi wa orodha hiyo. Linganisha picha zako na picha za namba husika, jani kwa jani. Kisicholingana na namba yoyote kiwe bandia mpaka mtaalamu aseme vinginevyo.

Ukishapata namba, angalia uhaba. Katika ngazi inayotumika sana, R4 ni vipande 76 hadi 200 vinavyojulikana, R5 ni 31 hadi 75, R6 ni 13 hadi 30, R7 ni 4 hadi 12, na R8 ni 1 hadi 3. Hali ya kipande nayo hupimwa kuanzia 1 hadi 70. Uhaba bila hali nzuri bado unauzika, lakini tundu, mkunjo, lehemu au kusuguliwa hushusha bei hata ya kilicho nadra.

Ndiyo maana hupaswi kusafisha. Dawa ya meno, soda, kitambaa cha kung'arishia, vyote huondoa ngozi ya kale na kuacha mikwaruzo inayoonekana mara moja kwenye lenzi. Kama kuna mafuta au gundi, loweka kwenye asetoni safi ndani ya kikombe cha kioo, mbali na moto, dakika chache, kisha acha kikauke chenyewe. Usifute.

Hifadhi ndani ya kapsuli ya akriliki au mfuko wa mailari. Mifuko laini ya PVC yenye harufu kali ya plastiki hutoa ute wa kijani unaong'ata shaba iliyomo kwenye dhahabu ya karati ndogo.

Kupeleka kipande PCGS au NGC, kampuni za Marekani za kukagua sarafu, kithibitishwe na kufungwa kwenye kasha kuna maana pale tu tofauti ya bei inapozidi ada, bima na posta ya kwenda na kurudi. Kabla hujakituma, piga picha pande zote mbili pamoja na ukingo, andika uzito hadi gramu 0.001, upana na msongamano. Rekodi hizo pia ndizo mnunuzi makini atakazozitaka ukiuza bila kasha, na ndizo zitakazokuonyesha kama kilichorudi mkononi mwako ni kile kile ulichokituma.